Waganga wa Usingizi na Saa ya Kufa



Katika jamaa zetu nyingi watu huogopa neno moja la hospitali: morfini. Mgonjwa wa kansa akiandikiwa dawa hiyo, wengine husema ni dawa ya kuua watu. Wengine husema Mkristu hana budi kuvumilia maumivu hata mwisho. Wengine tena hufikiri kwamba waganga wamekata tamaa, wanataka tu mgonjwa anyamaze. Maneno hayo hayatoki katika ubaya; yanatoka katika mapendo na woga. Lakini je, ni ya kweli?

Ili kujibu vema, inafaa kujua habari za watu waliotafuta, kwa muda wa miaka zaidi ya 170, namna ya kushinda maumivu hospitalini. Habari hizo zinaanzia katika chumba cha kupasulia, na zinafika hata kando ya kitanda cha mtu anayekaribia kufa. Wengi wa watu hao walikuwa waganga wa usingizi, maana yake waganga ambao kazi yao ni kumlaza mgonjwa kwa dawa, ili apasuliwe bila kusikia kitu. Nanyi mtaona jambo moja: walisonga mbele kila mara walipokubali kumtazama mgonjwa, kuhesabu, kuandika waliyoyaona, na kutangaza ukweli hata ulipokuwa mchungu.

Kisu bila usingizi

Kabla ya mwaka 1846 kupasuliwa kulikuwa mateso makubwa. Mgonjwa alinyweshwa pombe au afyuni, akashikwa na wanaume wenye nguvu, pengine akafungwa kwa kamba. Mganga aliyesifiwa ni yule aliyekata upesi. Mguu uliooza ulikatwa kwa dakika chache, huku mwenyewe akilia. Kupasua tumbo au kifua, ni wachache mno waliothubutu. Wagonjwa wengi waliona afadhali wafe kwa ugonjwa wao kuliko kulala juu ya meza ile.

Eteri ilikwisha kujulikana. Huko Marekani vijana waliivuta kwa mchezo, wakacheka, wakaanguka na kujiumiza bila kusikia maumivu. Mganga mmoja wa mji mdogo wa Jefferson, katika jimbo la Georgia, jina lake Crawford Long, aliona jambo hilo akalifikiri. Tarehe 30 Machi 1842 alimvutisha mtu eteri, akamwondolea uvimbe shingoni, na yule mtu hakusikia kitu. Lakini Long hakuandika habari hiyo mahali po pote hata mwaka 1849. Basi kwa muda wa miaka minne zaidi watu waliendelea kulia juu ya meza katika miji mingine yote, kwa sababu habari njema ilikaa kimya katika mji ule mdogo.

Mwenye kuitangaza alikuwa mganga wa meno, William Morton. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, alimvutisha mgonjwa dawa mbele ya waganga wengi, na mpasuaji mzee John Collins Warren akamkata uvimbe shingoni. Mgonjwa hakupiga kelele. Lakini Morton alitaka kujipatia mali. Aliitia eteri rangi na harufu nzuri, akaipa jina lingine, wala hakutaka kusema ni dawa gani. Wapasuaji wa Boston walimwambia kwamba hawatamkatia mgonjwa mguu kwa dawa ya siri. Akalazimika kuwafunulia. Hivyo, tangu siku za kwanza, neno lilikwisha kuwekwa: kile kinachotiwa mwilini mwa mgonjwa, mganga hawezi kukificha. Kabla mwaka ule haujaisha, eteri ilikuwa imefika London.

Wasomaji, shikeni jina la hospitali hiyo ya Boston, maana tutairudia mara nyingi.

Daftari la John Snow

Mwezi wa Novemba 1847 James Young Simpson, mganga wa Edinburgh katika nchi ya Uskoti, alianza kutumia dawa nyingine, kloroformu. Ilikuwa na harufu tamu, tena ilifanya kazi upesi kuliko eteri. Watu waliishangilia. Lakini tarehe 28 Januari 1848, huko Uingereza ya kaskazini, msichana wa miaka 15 aliletwa ili aondolewe ukucha wa mguu. Alivutishwa kloroformu kidogo, na baada ya dakika chache alikuwa amekufa. Ukucha tu! Watu wakaulizana: Je, dawa hii ni baraka au ni sumu?

Aliyetafuta jibu kwa saburi ni John Snow, mtoto wa mfanya kazi maskini wa mji wa York. Ndiye yule aliyeonyesha mwaka 1854 kwamba kipindupindu huenea kwa maji machafu. Snow hakuisifu dawa wala hakuilaumu. Alisema shida ni kipimo. Alitengeneza chombo cha kupimia mvuke wa kloroformu katika hewa, akajaribu kwa wanyama na kwa mwili wake mwenyewe. Kila mgonjwa aliyemlaza, alimwandika katika daftari: umri wake, ugonjwa wake, kiasi cha dawa, na mambo yaliyotokea. Tena alikusanya habari za watu 50 waliokufa kwa kloroformu, akazichungua moja moja ili kujua sababu.

Tarehe 7 Aprili 1853 Snow aliitwa kumpa kloroformu malkia Victoria alipokuwa akizaa. Wako waliouliza kama si kosa kuondoa uchungu wa kuzaa. Malkia alipopata mtoto salama, maneno yakapungua. Lakini faida kubwa zaidi ya Snow si malkia. Ni daftari lile.

Miaka 40 baadaye, mjini Boston, mwanafunzi wa uganga Harvey Cushing aliambiwa atoe eteri ingawa hakuwa amefundishwa vizuri. Mgonjwa akafa mikononi mwake. Kijana yule alihuzunika hata akafikiri kuiacha kazi ya uganga. Hakuiacha. Pamoja na mwenzake Ernest Codman alianza kuandika katika karatasi mapigo ya moyo na pumzi za kila mgonjwa, tangu mwanzo wa usingizi hata mwisho. Hiyo ilikuwa karibu na mwaka 1894. Mwaka 1901 Cushing alirudi toka Italia na chombo cha kupimia msukumo wa damu, hesabu yake nayo ikaongezwa katika karatasi ile. Leo, katika chumba cha kupasulia cha hospitali yo yote iliyo na utaratibu mwema, mtaona karatasi ya namna hiyo, au mashini inayoandika mambo yale yale. Mzizi wake ni kifo cha mgonjwa mmoja asiyesahauliwa.

Mganga aliyehesabu wafu

Katika hospitali ile ile ya Boston alifanya kazi Henry Beecher, mganga wa usingizi. Wakati wa vita kuu ya pili aliwatunza askari waliojeruhiwa nchini Italia. Alishangaa. Watu wenye vidonda vikubwa sana, ni karibu robo yao tu waliotaka dawa ya maumivu. Raia wenye vidonda vidogo zaidi, waliopasuliwa hospitalini, ndio waliolilia dawa. Mbona hivyo? Beecher alifahamu kwamba kwa askari kidonda kilikuwa mwisho wa hatari na tiketi ya kurudi nyumbani. Kwa raia kilikuwa mwanzo wa mashaka. Basi maumivu hayatoki katika nyama peke yake. Moyo na akili vina sehemu yao.

Kisha aliona jambo lingine. Ukimpa mgonjwa kidonge kisicho na dawa ndani, naye asijue, mara nyingi atasema amepata nafuu. Mwaka 1955 Beecher aliandika kwamba hutokea kwa watu karibu 35 katika 100. Kwa hiyo, mtu akitaka kujua kama dawa mpya ina nguvu kweli, lazima awe na makundi mawili ya wagonjwa: moja lipewe dawa hiyo, lingine lipewe kitu kingine, na ni afadhali mgonjwa na mganga wote wawili wasijue nani amepewa nini. Tena watu wagawanywe kwa kura, mganga asichague mwenyewe, asije akawaweka wenye nguvu upande wa dawa anayoipenda.

Mwaka 1954, pamoja na mwenzake Donald Todd, Beecher alitangaza hesabu nyingine. Walikuwa wamechungua hospitali 10 za vyuo vikuu vya Marekani kwa muda wa miaka mitano, toka 1948 hata 1952. Wagonjwa waliolazwa kwa dawa walikuwa 599,548. Waliona kwamba usingizi wenyewe ulichangia kifo cha mtu mmoja katika kila 1,560. Na palipotumiwa dawa za kulegeza misuli, kama kurare, kilikuwa kifo kimoja katika kila 370. Waganga wengi walikasirika wakabisha. Lakini hesabu ilikwisha kutolewa mbele ya watu wote, na mabishano yale yaliwalazimisha waganga kuchungua kazi yao upya.

Tusifikiri lakini kwamba uchunguzi wote ulikuwa mwema. Mwaka 1966 Beecher alitoa mifano 22 ya uchunguzi uliofanywa na waganga wenye sifa, ambamo wagonjwa walitiwa hatarini, na wengi wao hawakuambiwa kweli. Wazee walipigwa sindano yenye chembe hai za kansa. Watoto wenye akili dhaifu waliambukizwa ugonjwa wa ini kwa makusudi. Hao hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Miaka miwili mbele, mwaka 1964, waganga wa mataifa walipokutana Helsinki walikuwa wameandika amri za kazi hiyo. Amri yenyewe ni rahisi kuelewa: mgonjwa si chombo. Aelezwe, akubali kwa hiari yake, tena awe na ruhusa ya kukataa bila kunyimwa matunzo.

Mikono ya wanafunzi wa Copenhagen

Turudi nyuma kidogo, twende Denmark. Mwezi wa Agosti 1952 mji wa Copenhagen ulipigwa na polio, ugonjwa wa kupooza. Wagonjwa wengi walipooza hata misuli ya kupumulia. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashini chache mno za kuwasaidia. Katika majuma matatu ya kwanza, wagonjwa 31 wa namna hiyo walitiwa katika mashini. Wakafa 27.

Ndipo wakamwita Bjørn Ibsen, mganga wa usingizi aliyekuwa amejifunza Boston. Waganga wa usingizi walikuwa wanajua jambo ambalo wengine hawakulijua. Tangu mwaka 1942 walikuwa wakitumia kurare kulegeza misuli wakati wa kupasua. Dawa hiyo hulegeza hata misuli ya kupumua, basi ilibidi wampumulishe mgonjwa kwa mkono, kwa kuminya mfuko wa mpira wenye hewa. Ibsen alisema: Kwa nini tusifanye vile vile kwa waliopooza? Tarehe 27 Agosti walimletea msichana wa miaka 12 aliyekuwa katika hatari ya kufa. Walimtoboa koo, wakatia mrija, Ibsen akaminya mfuko. Mtoto akarudi katika rangi yake.

Lakini nani ataminya mifuko ya wagonjwa makumi kwa makumi, usiku na mchana? Walikuja wanafunzi wa uganga, karibu 1,500, wakaketi kwa zamu kando ya vitanda wakiminya kwa mikono, saa 165,000 kwa jumla. Vifo vikapungua, toka zaidi ya 80 katika 100 hata karibu 40 katika 100, kisha vikapungua tena. Mwaka 1953 Ibsen alifungua katika hospitali nyingine ya mji ule chumba cha wagonjwa mahututi, ambamo watu wenye hatari wanaangaliwa kila dakika. Vyumba vya namna hiyo vya hospitali zote za dunia vinatoka katika kazi ile.

Hata hivyo, mikono iliyookoa ilileta shida mpya. Mashini za kupumulisha zilipozidi kuwa nzuri, walionekana wagonjwa ambao ubongo wao ulikuwa umeharibika kabisa, wala hawakuwa na tumaini la kuamka, lakini kifua chao kilipanda na kushuka kwa nguvu ya mashini. Je, ni hai au ni wafu? Mganga akiizima mashini, ameua? Asipoizima, anamtunza nani?

Maswali yaliyopelekwa Roma

Waganga wa usingizi wenyewe ndio waliopeleka maswali hayo kwa Baba Mtakatifu Pio XII. Mwaka 1957 aliwajibu mara mbili.

Mara ya kwanza, tarehe 24 Februari, aliwajibu waganga wa Italia waliouliza juu ya maumivu. Mkristu, je, analazimika kukataa dawa ya maumivu? Papa akajibu: halazimiki. Mtu aweza kuchagua kwa hiari yake kuvumilia mateso na kumtolea Mungu, lakini hakuna anayepaswa kumlazimisha mwenzake. Je, mtu anayekaribia kufa aweza kupewa dawa ya nguvu, hata kama huenda itapunguza siku zake? Akajibu: ndiyo, ikiwa hakuna njia nyingine, na ikiwa kusudi ni kuondoa maumivu, si kuua. Akaongeza sharti moja: mgonjwa asipokonywe akili zake bila sababu kubwa, wala asizuiwe kutimiza kwanza wajibu wake kwa Mungu na kwa jamaa yake.

Mara ya pili, tarehe 24 Novemba, alijibu maswali ya Bruno Haid, mganga wa usingizi wa Innsbruck katika nchi ya Austria, juu ya mashini za kupumulisha. Papa alisema kwamba mtu anapaswa kutumia njia za kawaida za kulinda uzima, kufuatana na hali ya mtu, ya mahali na ya wakati. Njia zisizo za kawaida, zinazoleta mzigo mzito mno kwa mgonjwa au kwa wenzake, halazimishwi. Jamaa waweza kumwomba mganga aache mashini isiyoleta tumaini lo lote, na huko si kuua. Na kuhusu saa yenyewe ya kufa, alisema si kazi ya Kanisa kuipima. Ni kazi ya waganga.

Waganga wakaipokea kazi hiyo. Mwaka 1959 Pierre Mollaret na Maurice Goulon, mjini Paris, waliandika habari za wagonjwa 23 ambao ubongo wao ulikuwa umekufa huku moyo ukipiga. Mwaka 1968 Beecher, yule wa Boston, aliongoza mkutano wa walimu wa chuo cha Harvard uliotoa alama za kutambua kifo cha ubongo. Harvard si chuo cha Wakatoliki. Lakini andiko lao lilitaja chini ya ukurasa maandiko ya mtu mmoja tu: hotuba ya Pio XII.

Sista, sindano na saa ya ukutani

Tumesema juu ya mashini. Lakini wagonjwa wengi wanaokufa hawafi katika mashini. Wanakufa polepole, kwa kansa au kwa ugonjwa wa moyo au wa mapafu. Nani aliwachungua hao?

Mapendo yalitangulia uchunguzi. Mwaka 1842, mwaka ule ule wa Long na eteri yake, mjane wa mji wa Lyon katika Ufaransa, Jeanne Garnier, aliyekuwa amefiwa na mume na watoto, alikusanya wajane wenzake kutunza wanawake wenye magonjwa yasiyopona. Na mwaka 1905 Masista wa Mapendo wa Ireland walifungua mjini London, mtaa wa Hackney, nyumba ya Mtakatifu Yosefu kwa ajili ya maskini wanaokufa. Masista wale waliwaosha, waliwalisha, walisali pamoja nao. Lakini dawa ya maumivu ilitolewa kama po pote siku zile: mgonjwa alingoja mpaka maumivu yamemshinda, akaita, ndipo akapigwa sindano. Ikiisha nguvu, anaanza upya kuumia, kuogopa na kuita.

Mwezi wa Oktoba 1958 alifika pale mganga mwanamke, Cicely Saunders. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mwanglikana mwenye imani. Zamani alikuwa mwuguzi. Mgongo ukamuuma, akafanya kazi ya kusaidia jamaa za wagonjwa. Kisha mganga mmoja akamshauri ajifunze uganga, kwa maana waganga hawatawasikiliza wauguzi juu ya jambo hili. Alianza masomo akiwa mtu mzima, akamaliza mwaka 1957.

Saunders aliwaomba masista watumie saa ya ukutani badala ya kilio. Morfini itolewe kwa kinywa, kila saa nne, kabla maumivu hayajarudi, kwa kipimo kinachomfaa kila mtu. Kisha akafanya kama John Snow: aliandika. Kwa muda wa miaka saba alikusanya habari za wagonjwa zaidi ya 1,000, akasikiliza maneno yao na kuyatia katika mashini ya sauti. Akaona nini? Wengi walitulia huku wakiwa na akili zao. Waliweza kuongea na watoto wao, kusali, kusoma gazeti. Hawakuhitaji kuongezewa dawa bila mwisho, wala hawakuwa watumwa wa dawa kama watu walivyoogopa. Tena alifahamu lile ambalo Beecher aliligusa vitani: maumivu ya mtu anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na fedha, na ya roho. Ukitibu moja tu, umeacha kazi.

Mwaka 1967 Saunders alifungua nyumba yake ya Mtakatifu Kristofa, London. Huko Robert Twycross alifanya jaribio la kweli, kwa kura, pamoja na wagonjwa karibu 700, apime kama heroini ni bora kuliko morfini, maana Waingereza wengi waliamini hivyo. Mwaka 1977 alitoa jibu: zikinywewa kwa kinywa na kwa kipimo sawasawa, hakuna tofauti kubwa. Jibu hilo lilikuwa na faida kwa dunia nzima, kwa sababu katika nchi nyingi heroini imekatazwa kabisa, lakini morfini inaruhusiwa kwa waganga. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani likatoa mafundisho yake juu ya maumivu ya kansa: dawa itolewe kwa kinywa, kwa saa, na kwa ngazi tatu, toka dawa ndogo hata morfini.

Boston tena, na Kampala

Je, hospitali kubwa zilijifunza? Si upesi. Mwaka 1995 ilitangazwa kazi kubwa ya uchunguzi huko Marekani, yenye wagonjwa 9,105 wa hatari. Jamaa za waliokufa hospitalini walisema kwamba karibu nusu ya wale waliokuwa na fahamu waliteswa na maumivu makali mara nyingi katika siku zao za mwisho. Wachunguzi walijaribu kutuma wauguzi wa kuwaeleza waganga matakwa ya wagonjwa. Haikufaa kitu. Nao walisema wazi: tumeshindwa.

Kisha mwaka 2010 Jennifer Temel na wenzake, katika hospitali ile ile ya Boston ambamo Morton alivutisha eteri, walitoa habari za wagonjwa 151 wenye kansa ya mapafu iliyoenea. Waligawanywa kwa kura. Wote walitibiwa kansa yao, lakini nusu walipewa pia, tangu mwanzo, watu wa kutuliza maumivu na kuongea nao juu ya maisha yao. Hao walikuwa na nafuu zaidi na huzuni kidogo zaidi, tena wachache wao walisumbuliwa na matibabu mazito katika siku za mwisho. Na walishangaza wengi kwa jambo hili: waliishi zaidi, kadiri ya miezi 11.6, wenzao miezi 8.9. Si kila uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba maisha huongezeka. Lakini kumtuliza mgonjwa si kumkatia tamaa, na hakuna sababu ya kungoja siku ya mwisho ndipo kuanza.

Nasi huku Afrika? Mwaka 1993 mganga Anne Merriman alianza kazi hiyo Kampala, Uganda. Alitumia unga wa morfini uliochanganywa na maji, dawa ya kunywa ya bei ndogo ambayo mgonjwa aweza kuitumia nyumbani kwake. Mwaka 2004 serikali ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofundishwa waiandike dawa hiyo, kwa sababu waganga ni wachache na vijiji viko mbali. Lakini mahali pengi bado haipatikani. Mwaka 2017 kundi la wataalamu wa mataifa walihesabu kwamba nusu ya watu wa dunia, ile iliyo maskini zaidi, hupata sehemu 1 tu katika 100 ya dawa za namna hiyo. Sababu mojawapo ni sheria, nyingine ni fedha, lakini mojawapo ni woga ule tulioutaja mwanzoni.

Wajibu wetu

Tusidanganyane: morfini ni dawa ya nguvu. Ikitolewa kupita kipimo yaweza kuua, tena wako watu wanaoitumia vibaya. Ndiyo maana isinunuliwe sokoni wala isipimwe kwa macho. Ni kazi ya mganga au mwuguzi aliyefundishwa. Humfungisha mtu choo, basi huhitaji dawa nyingine pamoja nayo. Na siku za kwanza huleta usingizi kidogo.

Lakini wenye kumtunza mgonjwa nyumbani wana kazi yao pia. Waswahili husema: mficha maradhi, kilio kitamfichua. Mwulizeni mgonjwa anaumia wapi, na namna gani, na saa zipi, mkamwambie mganga bila kuficha. Kama dawa imeandikwa kila saa nne, ipeni kila saa nne, msingoje alie. Msimwite padri siku ya mwisho tu, wakati mgonjwa hasikii tena. Mwiteni mapema, ili mgonjwa apokee Mpako Mtakatifu na Komunyo akiwa na akili zake, aseme na watoto wake, apatane na aliyekosana naye. Dawa ikitolewa vema humpa nafasi ya kufanya mambo hayo, kwa sababu mtu aliyeshikwa na maumivu makali hawezi hata kusali Baba Yetu.

Na mganga akisema kwamba mashini haina faida tena, mwulizeni kwa upole awaeleze sababu. Mkiisha kuelewa, msijihukumu. Hamkumwua. Mlichobakiwa nacho ndicho walichoanza nacho wajane wa Lyon: kuketi karibu naye, kumlowesha midomo, kumshika mkono, na kutokwenda zenu.